Skrini Isiyosikia Kidole

Tassia, Nairobi
12 Mei 2025

Mpendwa dada yangu Nasambu,

Mulembe. Nitakusalimu vizuri baadaye, ila kwanza nitoe hili kabla ujasiri haujaniishia. Nimekuficha jambo. Mara tatu nimekuandikia kwamba daktari amenikataza kusafiri. Daktari hakunikataza. Alisema nikipanda basi la mchana, nikae kiti cha mbele na kuweka mto mgongoni, nitafika Chwele salama. Nimebaki hapa kwa hiari yangu, na sababu yenyewe inamwaibisha kidogo mzee wa miaka themanini: ni skrini ya shule.

Sasa salamu. Binti yangu Vivian hajambo. Bado anauza vitambaa Eastleigh, na jioni hurudi amekauka sauti kwa kubishana bei na wateja. Mimi miguu huvimba jua likizama, na ngazi za kufika nyumbani kwetu ghorofa ya tatu nazipanda kama mtu anayefuata Njia ya Msalaba, nikitua kila kituo. Masikio ndiyo yamekufa kabisa. Uliponipigia simu Jumapili ile niliitikia "ndiyo, ndiyo" kwa mambo nisiyoyasikia. Kama nilikubali kuuza ng'ombe, nisamehe. Tuendelee na karatasi.

Unajua kwamba tangu nistaafu ualimu nimekuwa katika kamati ya shule ndogo iliyo ukingoni mwa Mukuru kwa Njenga. Mwezi wa Januari kampuni moja ilitupatia skrini ya kugusa. Ni pana kama mlango wa zizi uliolazwa ubavu. Mwalimu anaiunganisha na kipakatalishi chake, ile kompyuta ndogo inayopakatwa kama mtoto, na kilicho kwenye ile ndogo kinaonekana kwenye hii kubwa. Kisha mtoto anasimama mbele ya darasa na kuandika kwa kidole. Hakuna chaki, Nasambu. Wewe unajua vumbi la chaki lilivyokifanya kifua changu.

Shida ni kwamba picha inakuja lakini kidole hakisikiki. Batulo, mwalimu wa gredi ya sita, huchomeka waya wake, picha ikatokea safi kabisa. Akigusa, hakuna kitu. Muindi, mwalimu mkuu, keshakata tamaa. Ananiandikia kwenye daftari ili nielewe: "Mzee, hiyo ni TV tu. Wacha watoto waone katuni." Waliotupatia wamesema wazi: mwisho wa muhula huu watakuja kutazama, na kama haifundishii, wataichukua waipeleke shule nyingine.

Ni mimi niliyewashawishi wazazi wajenge ukuta wa matofali wa kuibeba, katika shule ambayo kuta nyingine zote ni mabati. Siwezi kuja nyumbani na kuiacha imetundikwa pale kama picha ya marehemu. Nikifika Chwele mtanilaza, najua. Acha kwanza niione ikifanya kazi.

Nduguyo,
Opicho


Chwele
30 Mei 2025

Kaka Opicho,

Mulembe nawe, mwongo mkubwa.

Barua yako niliipata dukani, pale basi linapotupa mizigo asubuhi. Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikikasirika, mara ya pili nikicheka, na sasa nimerudi kwenye hasira ili nijibu vizuri. Hii ninaituma kwa lori la Job, anayepeleka vitunguu Nairobi.

Huku tu wazima. Vitunguu vimekubali mwaka huu. Paa la jikoni kwangu linavuja pale pale juu ya meko, kwa hiyo mvua ikinyesha napika chai yenye maji mengi kuliko nilivyokusudia. Nyumba yako naifagia kila Jumamosi. Kitanda nimekianika. Kuku mmoja alikuwa ametaga chini yake, nikamfukuza, ingawa nadhani alikuwa ametambua kwamba mwenye nyumba haji.

Binamu yetu Makokha alipita hapa akauliza kama turubai la kanisa linatosha watu mia nne. Nikamwuliza, "Kuna harusi?" Akasema, "Hapana shemeji, nauliza tu." Hata si shemeji yangu. Mtu akianza kukosea jina la undugu, ujue mawazo yake yako kwenye nyama.

Kaka, wazee wa ukoo huniuliza kila wakikutana nami: mgonjwa anakuja lini? Mwanamume anasubiri siku zake nyumbani kwake, mlango ukitazama shamba la baba yake. Si juu ya maduka, katika ngazi. Nimewaambia daktari amekataza. Sasa umenigeuza mwongo pamoja nawe, na yote kwa sababu ya TV.

Mimi nilifundisha wasichana cherehani miaka yote ile na sijui chochote kuhusu skrini. Lakini cherehani ikikataa kushona, kitu cha kwanza niliwaambia watazame kama uzi umepita kila tundu. Mmetazama?

Dada yako,
Nasambu


Tassia
18 Juni 2025

Dada Nasambu,

Asante kwa barua na kwa vitunguu. Vivian alivipokea kwa Job, akasema haya sasa ndiyo mawasiliano.

Tumetazama. Batulo alikwenda First Avenue, kule Eastleigh, akanunua waya mwingine wa picha, mnene, wa bei ya juu. Picha ikawa nzuri zaidi na kidole kikabaki bubu vile vile. Tumeifuta skrini kwa kitambaa chenye maji, kisha kwa kitambaa kikavu. Tumeizima na kuiwasha. Watoto wamejaribu mmoja mmoja, halafu wote kwa pamoja, viganja thelathini juu ya kioo mpaka ikabidi tukifute tena. Kuna kijana anaitwa Sakariye, mwenye maneno mengi kuliko umri wake. Alilamba kidole, akagusa, akasubiri, kisha akaandika kwenye daftari langu: "Mwalimu, hii screen imetununia."

Muindi ameandika barua ya kuirudisha. Ameiweka mezani kwake bila tarehe. Nimemwomba asubiri mpaka mwisho wa muhula. Akaandika, "Mzee, nakuheshimu, lakini unajitesa." Nikamjibu kwa mdomo, kwa sauti kubwa kwa sababu sijisikii, kwamba kujitesa ni shughuli ya walimu, ndiyo maana wengine hukimbilia ofisi kuu. Batulo aliinama kuficha kicheko.

Ninaandika nikiwa nimelala. Usiulize sana. Mwandiko ukiupata umepinda, ni kwa sababu ya godoro.

Waambie wazee mwezi wa Agosti.

Opicho


Chwele
14 Julai 2025

Kaka Opicho,

Mulembe. Najua umekaa huko ukidhani nimenuna. Sikununa.

Barua yako ya Juni ilinifikia siku tatu tu baada ya kuiandika. Nikajibu jioni ile ile, kurasa nne, na mahali pengine nilikuwa mkali sana. Kisha lori la Job likavunjika ekseli njiani, likalala gereji wiki baada ya wiki. Nikasema nitatuma kwa basi lile lile linaloniletea zako. Kumbe halichukui. Likitoka Nairobi linasimama dukani asubuhi kushusha mizigo. Likirudi Nairobi linapita hapa limejaa, linapiga honi tu na kwenda. Nimesimama barabarani mara mbili na bahasha mkononi kama msichana anayemwita mchumba asiyemtaka. Basi linaleta tu, halirudishi kitu. Nilikuwa na maneno tele, kaka, ila sikuwa na njia ya kuyafikisha kwako. Zile kurasa nne nimezichoma, kwa kuwa Vivian alinipigia simu akaniambia kilichotokea.

Ulianguka kwenye ngazi. Ukanidanganya tena, ukasingizia godoro.

Leo Job ametengeneza lori, anaondoka alasiri. Kwa hiyo naandika kwa haraka na kwa upole. Njoo nyumbani. Acha skrini. Mtu hawezi kuacha mlango wake ufunguliwe na kufungwa kila Jumamosi na mtu mwingine.

Nasambu


Tassia
3 Agosti 2025

Dada yangu Nasambu,

Mulembe, mulembe, mulembe. Vivian ni mzima, mimi ni mzima, na hata Muindi, Mungu amsaidie, ni mzima. Kaa kitako nikusimulie.

Barua yako niliisoma kitandani. Nilipofika pale unaposema basi linaleta tu, halirudishi kitu, niliketi wima. Vivian akadhani moyo umenishika, akaja mbio.

Nikamwambia, "Nipe viatu."

Akaandika, "Viatu vya kwenda wapi, Baba?"

"Shuleni."

"Huendi popote na hicho kiuno."

"Basi nitakwenda na soksi."

Ananijua. Aliita pikipiki mbili, akanifuata nyuma akiwa amenuna. Nilimkuta Batulo darasani akiwa na picha ya pembe tatu kwenye skrini, akionyesha kwa fimbo ya ufagio. Nikamwuliza mbele ya watoto: "Waya huu unabeba nini?" Akaandika ubaoni: picha. "Inatoka wapi kwenda wapi?" Kutoka kwa kipakatalishi kwenda kwa skrini. "Sawa. Sasa mtoto akigusa, anagusa nini?" Skrini. "Na nani anapeleka habari za kidole kurudi kwa kipakatalishi?"

Nasambu, aliugeukia ubao na chaki yake. Kisha akaandika neno moja: hakuna.

Hiyo ndiyo ilikuwa shida nzima. Skrini ilikuwa inasikia kila kidole tangu Januari. Ilisikia viganja thelathini, ilisikia hata mate ya Sakariye. Ilikuwa na maneno tele na haikuwa na njia. Tulikuwa na basi la kuleta peke yake.

Tukamulika nyuma kwa tochi ya simu. Chini ya tundu la waya wa picha palikuwa na tundu jingine, dogo, la mraba, tupu, na pembeni pameandikwa "touch". Batulo alilitazama, akanitazama, kisha akaandika polepole: "Mwalimu, umbo hili nimeliona ofisini."

Tukaenda ofisini kama maandamano, mimi na mkongojo, Batulo, Vivian, na gredi ya sita yote nyuma yetu bila kuitwa. Waya ulikuwa umechomekwa kwenye printa ya Muindi. Ulikuwa umekuja ndani ya boksi la skrini. Muindi alipoona una kichwa cha mraba kama cha printa, na ule wa printa ulikuwa umeliwa na panya mwaka jana, alidhani wafadhili wametuongezea zawadi. Akawashukuru kwa barua.

Alisimama mbele ya printa kama kipa. Vivian alikuwa akiniandikia wanachosema.

"Mzee, usinitolee waya leo. Nachapisha mitihani."

"Muindi, toa waya."

"Watoto watafanya mtihani vipi, kwa mdomo?"

"Mimi nilifanyiwa kwa mdomo na nikawa mwalimu wako."

Hilo ni kweli, nilimfundisha darasa la saba mtaani Jericho, hapa hapa Nairobi, na alikuwa mchelewaji. Akachomoa mwenyewe.

Tukachomeka ncha ya mraba kwenye skrini na ncha bapa kwenye kipakatalishi. Kikatoa mlio, wanasema. Mimi niliona tu watoto wameshtuka wote kwa pamoja. Batulo akagusa. Kwenye skrini kubwa hakikutokea kitu, lakini kwenye kipakatalishi mshale ukaruka. Muindi akafungua mdomo kusema alichotaka kusema. Batulo hakumngoja. Alikuwa ameziweka skrini mbili zionyeshe vitu tofauti, hivyo kidole cha huku kilikuwa kinatenda kazi kule. Akabonyeza vitufe viwili, zote mbili zikawa na picha moja. Kisha akasogea pembeni, akanionyesha kwa mkono: wewe.

Unajua mkono wangu unavyotetemeka. Niliweka kidole kwenye kioo, nikasema nitachora duara. Nilichora kitu kama yai lililokanyagwa na ng'ombe. Nikainua kidole, nikaona aibu. Na papo hapo mbele ya macho yangu skrini ikalinyoosha. Duara kamili, Nasambu, kama la bikari. Miaka yote ile ya kufundisha hesabu sijawahi kuchora duara zuri hivyo, hata nilipokuwa kijana na mkono wangu ukiwa mkono.

Sikusikia kelele zao. Niliziona. Walikuwa wamesimama juu ya madawati, vinywa wazi. Sakariye aliruka akaja kuniandikia, kwa kidole, kwenye skrini yenyewe, ili nisome kwa herufi kubwa kama kichwa changu: BUDA UMEWEZA. Batulo akamkemea, akamlazimisha afute "buda", neno lao la mtaani la mzee, aandike "Mwalimu". Akaandika vyote viwili.

Muindi aliniwekea mkono begani, akachukua daftari. "Mzee, si nilisema tangu mwanzo ni waya?"

Wafadhili walikuja siku ya kufunga shule, vijana wawili na pikapu na kamba. Walisimama mlangoni. Msichana anaitwa Kawsar alikuwa mbele akipima pembe kwa kidole na wenzake wakimbishia. Hakuna aliyegeuka kuwatazama. Vijana wale wakakaa kwenye dawati la nyuma mpaka somo likaisha, wakakunja kamba zao, wakaomba kupigwa picha nasi. Barua ya Muindi isiyo na tarehe niliichana mwenyewe.

Ni wewe uliyeiunganisha, dada, kutoka Chwele. Nimewaambia hivyo.

Opicho


Chwele
22 Agosti 2025

Kaka yangu,

Mulembe. Barua yako niliwasomea watu wa kanisa baada ya ibada, na nilipofika kwenye duara mzee mmoja wa nyuma alipiga makofi. Makokha aliuliza kama hiyo skrini inaweza kutangaza mazishi. Nilimwambia inaweza kutangaza yake.

Nimefurahi, tena sana. Miaka hii yote nimekuwa nikifikiri maneno yangu yanakwenda Nairobi kulala.

Na sasa sikiliza. Ulisema acha kwanza uione ikifanya kazi. Imefanya kazi. Ulisema Agosti, na Agosti inaisha. Job ameweka godoro kiti cha mbele cha lori, ataondoka Nairobi Jumamosi ya wiki ya pili ya Septemba. Nimepaka nyumba yako chokaa. Wazee nimewaambia tarehe. Mahindi yanakauka na utayaona yakivunwa.

Sitaki sababu nyingine. Niandikie neno moja, ndiyo.

Nasambu


Tassia
14 Septemba 2025

Dada Nasambu,

Mulembe. Umekwisha kuona kwamba kiti cha mbele cha lori la Job kilirudi na godoro peke yake. Usimlaumu, nilimwomba asieleze sababu mpaka barua hii ikufikie.

Vivian ni mzima. Amepandishwa cheo dukani, sasa ana funguo. Mimi sipandi tena ngazi peke yangu. Vijana wawili wa jengo hili hunibeba kwenye kiti cha plastiki, na majirani hutoka kutazama kama ninatawazwa. Muhula mpya umeanza. Kila Alhamisi nafundisha gredi ya sita kipindi kimoja. Naketi, naweka kidole kwenye kioo, nao huniandikia maswali hapo hapo, makubwa, nami nayasoma. Nilipokuwa na masikio sikuwahi kuwasikia wanafunzi vizuri hivi. Alhamisi iliyopita Sakariye alinibishia kuhusu eneo la duara, na alikuwa amekosea, na alibisha kwa akili sana. Nilirudi nyumbani nikiwa na njaa. Vivian alishangaa, sijaomba chakula tangu mwaka jana.

Nyumba yako inavuja na yangu imepakwa chokaa. Hamia, Nasambu. Usiifagie tena kwa ajili yangu, ifagie kwa ajili yako. Nitawaandikia wazee kwamba ni neno langu. Mwili wangu nikiondoka utakuja huko, ukalale kando ya baba kama desturi ilivyo. Sitawaaibisha katika hilo, na Makokha atapata turubai lake.

Daktari yule sikukueleza alichosema chote. Aliniambia nirudi nyumbani nikapumzike na watu wangu, na kwamba nisipange mambo ya baada ya Pasaka ijayo. Nilimwambia nitarudi. Nilipotoka pale nilikwenda moja kwa moja shuleni, nikakaa nyuma ya darasa.

Huko nyumbani kila mtu ananipenda, na kila mtu ananisubiri. Nikikohoa, mtatazamana. Hapa nikikohoa, mtoto ananiandikia, "Mwalimu, tuendelee?" Nimekaa Eastlands, upande huu wa Nairobi, tangu nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na saba. Nimemzika mke wangu nikitokea hapa. Kila Krismasi nilikuja Chwele, nikala, nikacheka nanyi, na kila Krismasi nikahesabu siku za kurudi. Nilikuandikia miaka yote ile kwamba nikistaafu tu nitakuja, nawe ukaamini, ukanyoosha shuka.

Nilisema ni daktari. Kisha nikasema ni skrini, na hiyo nusu yake ilikuwa kweli, ndiyo maana niliiandika vizuri. Sasa sina kitu kingine cha kuweka mbele yangu, na wewe si mtu wa kufichwa mara ya tatu. Hata kama skrini ingesikia kidole siku ya kwanza, nisingekuja.

Nduguyo,
Opicho